Wavuvi wa Naivasha tumeandikiwa sufuri kwenye mgao wa maji. Tudai nini?

NyavuKaragita

Habari zenu wadau, hasa wa Naivasha, Gilgil na huko juu Kinangop. Kuna jambo linaniuma na nataka mawazo yenu kabla hatujarudi mkutanoni.

Mimi ni mvuvi wa Karagita. Nilianza kwa kusukuma mashua ya mjomba na kuchambua nyavu zake, leo nina leseni yangu, na wenzangu wamenichagua niwasemee kwenye vikao vya maji. Kuna shamba huku kwetu linaloomba kuongezewa maji ya kunyunyizia, na sisi wananchi tumeitwa kutoa maoni. Kikao cha kwanza nilikwenda nikiwa nimejiandaa. Zamu yangu ilipofika, aliyekuwa akiendesha kikao akaniuliza, "Nyinyi mnachota kiasi gani kwa siku?" Nikamwambia hatuchoti. Akaandika sufuri mbele ya jina la kundi letu, akamwita anayefuata.

Ile karatasi ninayo hapa. Ina safu ya maji ya nyumbani, ya mifugo, ya kunyunyizia, ya hoteli na ya viwanda. Samaki hana safu. Kwa hesabu yao mtu hupata haki ya maji kwa kuyatoa ziwani. Mimi ambaye riziki yangu inategemea maji yabaki palepale yalipo, sina cha kudai.

Kwa wasiojua uvuvi, nieleze kidogo. Tilapia hazalii katikati ya ziwa. Dume huja pembeni, kwenye kina kifupi, akachimba shimo. Jike hutaga hapo, akayakusanya mayai mdomoni na kuondoka nayo. Vifaranga wakishaachiliwa wanahitaji pa kujificha, yaani nyasi za majini na mizizi ya mafunjo. Samaki wa kapi naye hutaga kwenye majani yaliyofunikwa na maji. Ziwa likishuka, hata kwa kiasi ambacho mtu wa mjini hawezi kukigundua, kinachotangulia kupotea ni ukingo huo ambamo samaki wote hulelewa. Anayepita barabara ya Moi South Lake atayaona maji yamejaa tele, wala hatajua kwamba nyumba ya uzazi imekauka.

Wazee wetu wanaukumbuka mwaka 2001. Samaki walikuwa wamepungua mno na ziwa likafungwa kwa wavuvi mwaka mzima. Nyavu zikatundikwa. Wengine walirudi makwao, wengine wakaenda kuomba kibarua kwenye mashamba ya maua. Sipingi kufungwa kule. Kulihitajika, maana nyavu za macho madogo zilikuwa zinakomba hata vifaranga. Ninachouliza ni kwa nini ziwa likiugua ni nyavu peke yake zinazoambiwa zipumzike, na pampu zinaunguruma usiku kucha.

Kikaoni nilijibiwa kwamba ziwa limejaa, kwa hiyo ninalilia maji gani. Ni kweli limejaa. Mwaka 2020 maji yaliingia mtaa wa Kihoto watu wakahama, na 2025 yakarudi tena. Hata sehemu zetu za kushukia samaki zimezama. Lakini mimi nilikuwepo 2009, ziwa liliposhuka kuliko lilivyowahi kushuka tangu miaka ya 1940. Tulikuwa tunatembea juu ya matope yaliyopasuka ndipo tuifikie mashua. Mvua ziliporudi, Februari 2010, samaki wakaelea wamekufa. Watu wakasema ni dawa za maua, vipimo vya serikali vikasema ni upungufu wa oksijeni majini. Haya, tuseme ni oksijeni. Ziwa dogo, lenye kina kifupi, lililopokea tope na uchafu wa mvua ya kwanza baada ya ukame, litapata wapi hewa ya kutosha samaki?

Kibali kinachotolewa leo ziwa likiwa Kihoto, mtu atakuwa nacho mfukoni ziwa litakaporudi kule lilikokuwa 2009. Hilo ndilo linalonitisha.

Nauliza mambo mawili. Sheria ya maji inamtambua mvuvi, hata kwa mstari mmoja? Na tukirudi kikaoni, tuombe kitu gani ambacho hakiwezi kuandikiwa sufuri?

Mkulima wa Kongoni

Ndugu, kwa heshima. Ziwa limemeza sehemu ya shamba langu pamoja na ua na nyanya zilizokuwa zimeanza kuiva. Hakuna aliyekuja kunifidia. Sasa mtu anaposema maji yasiguswe kwa sababu ya samaki, mimi nasikia kana kwamba mkulima hana watoto. Kunyunyizia ndiko kunakoleta mishahara Naivasha yote, hata wanunuzi wa samaki wenu wanalipwa na mashamba. Halafu kuna wanaoingia majini kwa miguu usiku na vipande vya nyavu, bila leseni. Hao mmewashindwa. Anzeni hapo kabla ya kuja kwenye pampu zetu.

Mpima Mto

Ndugu Nyavu, nimesoma vipimo vya mto Malewa kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, sasa nimestaafu niko Gilgil. Jambo lako nimelisubiri mtu alitoe hadharani kwa muda mrefu, kwa hiyo nivumilie, nitaandika kirefu.

Ulipoulizwa mnachota kiasi gani, uliulizwa swali la mwingine. Sheria ya Maji ya 2016, kama ile ya 2002 iliyoitangulia, hutenga kwanza kitu kinachoitwa akiba. Akiba ina sehemu mbili. Ya kwanza ni maji ya mahitaji ya msingi ya binadamu, ya kunywa, kupikia na kuoga. Ya pili ni maji ya kulinda uhai wa mto au ziwa lenyewe. Mamlaka ya Rasilimali za Maji inaruhusiwa kugawa kinachobaki baada ya akiba hiyo kutolewa. Mafunjo yako, vifaranga wako na ukingo wako vyote vimo katika hiyo sehemu ya pili. Basi hukustahili kuwekwa kwenye safu ya wachotaji ukaonekana huna kitu. Ulistahili kutajwa juu kabisa ya karatasi, kabla safu ya kwanza haijachorwa. Rudi uwaulize: akiba ya ziwa hili mmeiweka kiasi gani, na ni wapi kwenye hesabu zenu imetolewa? Wakikosa jibu, mgao wote hauna msingi.

Upande wa mito, kanuni za maji za 2007 zilisema akiba isiwe chini ya kiwango ambacho mto hukizidi kwa asilimia 95 ya wakati. Kwa lugha ya sisi tuliokuwa tukisimama mtoni na fimbo ya kupimia: katika siku 100, siku 95 mto huwa na maji zaidi ya hapo. Hayo ni maji ya kiangazi kikali. Yanauzuia mto usikatike, na hilo ni jema, lakini ziwa halikui kwa maji ya kiangazi. Ziwa hukua kwa mafuriko ya Malewa, yale yanayosukuma maji ndani ya nyasi za pembeni. Mtu anaweza kuheshimu akiba ya mto kila siku ya mwaka na bado akalinyima ziwa.

Kanuni hizohizo zilitaka mkulima wa kunyunyizia achukue maji wakati wa mafuriko na ayahifadhi, awe na hifadhi ya kumtosha siku 90. Nia yake ilikuwa kwamba kiangazi kikifika atumie bwawa lake auache mto. Ukifuata Malewa mwezi Februari utaona mabomba mengi yameingia mtoni mahali ambapo hakuna bwawa lolote. Kuna mashamba makubwa yenye mabwawa mazuri, nisiwaseme wote kwa pamoja. Lakini sharti hilo lingefuatwa na kila mtu, nusu ya ugomvi tunaouona kila kiangazi usingekuwepo.

Sasa ziwa lenyewe. Naivasha haina mto unaotoka. Maji huingia kwa Malewa, ambao ndio unaoleta sehemu kubwa, halafu Gilgil, halafu Karati ambao ni wa msimu. Hutoka kwa jua, kwa kuchotwa na kwa kupenya ardhini, na huko kupenya ndiko kunakolifanya ziwa lisiwe la chumvi kama majirani zake Elmenteita na Nakuru. Mnamkumbuka Oloidien, lile ziwa dogo pembeni? Maji yaliposhuka likatengana na ziwa kubwa, chumvi ikapanda, heroe wakaja. Watalii walifurahi, mvuvi akapoteza kipande kizima. Kwa sababu maji ya juu na ya chini yanazungumza, mtu akikwambia yeye hachoti ziwani, ana kisima, muulize kisima hicho kiko umbali gani na ufuo. Visima vya karibu na ziwa vihesabiwe pamoja na pampu za ziwani.

Utaambiwa pia kwamba jua hunywa maji mengi kuliko pampu zote zikiwekwa pamoja. Ni kweli, usibishane nao hapo. Waambie hivi. Kuna wataalamu waliochapisha hesabu za ziwa hili mwaka 2002. Walitumia mvua, mito na jua kukadiria ziwa lingekuwa kimo gani kila mwezi, na kuanzia 1932 hadi 1982 hesabu yao na ziwa halisi vilikwenda pamoja vizuri. Baada ya hapo vikaanza kuachana. Kufikia 1997 ziwa halisi lilikuwa chini ya hesabu kwa mita 3 hadi 4, na kuachana huko kulianza wakati kilimo cha mauzo ya nje kilipoanza kupanuka. Jua lilikuwepo hiyo miaka 50 yote ya mwanzo.

La kudai, basi. Baada ya ule ukame, bonde lilitengenezewa mpango wa mgao wa 2010 hadi 2012. Ulikuwa na alama za rangi kwa kimo cha ziwa: kijani watu wachote kwa kibali chao, manjano wapunguze, nyekundu vizuizi vikali. Wenye mashamba makubwa wenyewe walishiriki kuukubali. Kwa hiyo hamtakuwa mnaomba kitu kigeni. Ombeni alama hizo ziandikwe ndani ya kila kibali kipya, kiwe kinajipunguza chenyewe ziwa likishuka, na mipaka ya rangi iwekwe kwa kuangalia ukingo wa mazalio ya samaki, isiwekwe kwa kuangalia urefu wa bomba la pampu tu.

Wanjohi Juu

Mimi ni mama, ninalima viazi, minji na kabichi huku Kinangop, na nina ng'ombe wa maziwa. Nimesoma hapo juu habari ya mabomba kuingia Malewa Februari nikajua ni sisi tunaosemwa.

Kaka Mpima, umesema ukweli, lakini sema wote. Bwawa la siku 90 linachimbwa na nani? Mimi na ekari zangu mbili nikichimba bwawa la kutosha siku hizo zote, nitapanda wapi? Huku tunatumia jenereta ndogo za petroli na bomba la plastiki, tunamwagilia miche mpaka mvua ifike. Kiangazi mto ukipungua tunapeana zamu, wa upande huu siku zao na wa upande ule siku zao, na chama chetu cha watumiaji maji ndicho kinachotatua ugomvi. Hakuna aliyetulipa kufanya hivyo.

Halafu mbona hakuna anayeutaja mto Turasha, unaoingia Malewa? Kuna bwawa pale tangu miaka ya 1990, maji yake yanapelekwa Gilgil na mji wa Nakuru. Hayo yanatoka nje ya bonde kabisa, hayarudi Naivasha. Siwanyimi watu wa Nakuru maji ya kunywa, sheria yenyewe inatanguliza maji ya nyumbani. Ila hesabu ikifanywa, mji nao uhesabiwe, na mabomba yake yanayovuja njiani yahesabiwe. Si haki mama wa viazi kuonekana mwizi na mji wenye uvujaji ukawa haupo kwenye mazungumzo.

Na jambo jingine, ndugu mvuvi. Miaka ya 2010 kulikuwa na mradi wa mashirika ya WWF na CARE huku Wanjohi na Turasha. Tulipanda nyasi za nepia kwa mistari kuvuka mteremko, tukaacha ukanda wa mto bila kulima, na walio chini, kupitia chama cha watumiaji maji cha ziwa, wakatulipa kwa vocha tulizobadilisha na mbegu na pembejeo. Tope linalozuiwa na nepia yangu ni tope ambalo halikufika kwenye mazalio yako. Waliokuja kututembelea wakati ule walikuwa watu wa maua na watu wa mashirika. Mvuvi sijawahi kumwona hapa kwangu. Njooni. Mtu aliyeona chai yangu ikichemka hatanisema vibaya kikaoni, na mimi nikishajua vifaranga wanahitaji nini na mwezi gani, nitajua zamu zetu tuzipange vipi.

Gredi B

Nafanya kazi kwenye chumba cha kupanga maua, naishi Kwa Muhia, mume wangu ni mvuvi. Kwetu mshahara wa maua na pesa ya samaki vinapika sufuria moja. Nasoma wanaume mkivutana maua na samaki, nasikia kama mnaigawanya nyumba yangu.

Niseme nilichokiona kwa macho. Mashamba hayafanani. Kuna yanayokinga maji ya mvua kwenye mapaa ya greenhausi na kuyapeleka bwawani, yanapanda maua kwenye vitanda visivyo vya udongo ili maji yazunguke yatumike tena, na maji machafu yanapitishwa kwenye kinamasi cha kutengenezwa kabla hayajaachwa. Na kuna mengine yanayovuta tu. Yote mawili yana kibali. Shamba linaloomba kuongezewa lionyeshe kwanza linakinga kiasi gani cha mvua ya paa lake. Greenhausi ni paa kubwa ajabu. Asiyekinga asiongezewe.

Na jambo la pili, ambalo halikuandikwa na yeyote hapo juu. Tunaishi kando ya ziwa na tunanunua maji kwa mtungi. Anayeleta kwa punda huongeza bei kiangazi kikianza. Maji ya visima vingi huku yana floridi nyingi, watoto meno yanageuka kahawia. Mpima amesema akiba ina sehemu mbili, ya binadamu na ya ziwa. Mkienda kikaoni kama wavuvi peke yenu mtaitwa kundi dogo lenye maslahi yake. Mkienda mmeshikana na sisi tunaobeba mitungi, mtakuwa mnadai akiba yote, na hakuna atakayethubutu kuiandikia Kwa Muhia, Kamere na Karagita sufuri.

Kano Plains

Omera Nyavu, pole na kikao. Mimi niko huku Ahero, upande wa Kisumu, baba alilima mchele kwenye skimu na wajomba ni wavuvi wa Kusa, kwa hiyo vita hivi nimezaliwa navyo.

Skimu ya Ahero ilianza 1969 na inapiga maji kutoka mto Nyando. Mto huohuo ndio njia ya samaki aitwaye ningu. Zamani mvua kubwa zikianza, ningu walikuwa wanatoka ziwani na kupanda Nyando, Sondu, Yala na Nzoia kwenda kutaga, na wazee wanasema walijaa mpaka watoto wanawashika kwa vikapu. Leo kijana wa Kano anaweza kukua bila kumjua ningu. Wavuvi husema ni pampu na dawa za mpunga. Wakulima husema ni nyavu. Ukweli wenye uchungu ni kwamba nyavu zilianza. Watu walitega midomo ya mito wakati samaki wamejaa mayai, na huyo ningu aliporomoka kabla pampu ya Ahero haijawashwa. Mpunga, tope na kukatwa kwa misitu ya juu vilikuja kuongezea, na samaki hakupata nafasi ya kurudi.

Ninakueleza haya kwa sababu yule mkulima wa Kongoni amekugusa mahali pabaya na usimjibu kwa hasira. Ukisimama kudai akiba, wa kwanza atakayenyanyua mkono atakuuliza habari za wanaoingia majini kwa miguu. Nenda na jibu lenye uzito: BMU yenu, yaani kikundi chenu cha kusimamia ufuo, imekubaliana nini, mazalio gani mmeyawekea alama kwamba hakuna anayetega hapo, hata mwenye leseni. Huku kwetu tulichochelewa kufanya ni hicho. BMU ilikaa na watu wa samaki, chama cha watumiaji maji kikakaa na watu wa maji, miaka ikapita hakuna aliyeketi na mwenzake. Sheria mbili, wizara mbili, mto mmoja.

NyavuKaragita

Asanteni sana, mmenifungua macho. Nimekaa na wenzangu jioni, tumesoma majibu yote kwa sauti, na kuna mahali palizua kelele, hasa pa Kano Plains. Mzee mmoja aliondoka. Alirudi.

Mkulima wa Kongoni, pole kwa shamba. Sisemi maji yasiguswe. Ziwa likijaa, wewe unaumia kwa kuzama na mimi naumia kwa kukosa pa kushukia, na likishuka tutaumia sote wawili, maana pampu yako nayo itakuwa inavuta tope. Kibali kinachojipunguza chenyewe kinakulinda wewe mwenye shamba dogo kuliko kinavyonilinda mimi, kwa sababu siku hizi maji yakipungua anayebaki na maji ni mwenye bomba refu. Kuhusu wanaoingia kwa miguu umesema kweli. Wengi ni vijana wasio na kazi, wengine walipunguzwa mashambani. Doria peke yake haijawamaliza na haitawamaliza, na wapo waliopoteza maisha yao humo, wengine kwa kushambuliwa na viboko. Tumekubaliana BMU ianze kuwaandikisha kama wabeba samaki na wasafishaji wa gugu maji, ili wapate pa kuingilia halali. Kazi hizo si nyingi, hilo tunalijua.

Mama wa Wanjohi, tunakuja. Si maneno. Tunachanga nauli ya matatu moja, wavuvi na mama samaki kadhaa. Utuambie siku isiyo ya soko kwenu.

Kikaoni nitasema hivi. Kwanza, waonyeshe akiba ya ziwa imewekwa kiasi gani kabla ya kuzungumza nyongeza ya mtu yeyote. Pili, alama za rangi ziingie ndani ya kibali, na visima vya karibu na ufuo vihesabiwe. Tatu, anayeomba kuongezewa aonyeshe maji ya paa lake, kama alivyosema dada wa Kwa Muhia, na yeye amekubali kuja nami na wenzake wa mitungi. Nne, mji wa Nakuru uhesabiwe. Na sisi tutaweka mezani ramani ya mazalio tuliyoyafunga wenyewe, tuliyoichora kwa mkono lakini kila mvuvi anaijua. Tutaomba pia BMU zote, kuanzia Karagita, Central, Kamere na Tarambeta, ziingie kwenye chama cha watumiaji maji kama wanachama kamili wenye kura, tusiitwe kama wageni wa kutoa maoni.

Wenzangu wana hofu moja. Wanasema tutasikilizwa, tutapewa soda, na kibali kitatoka kama kilivyoombwa.

Mpima Mto

Hofu yao ina sababu, na dawa yake ni karatasi. Maoni ya mdomo huandikwa kwa namna mwandishi atakavyo. Ombi la kibali cha maji hutangazwa ili wananchi wapate nafasi ya kupinga, na tangazo lenyewe husema mwisho wa kupokea maoni ni lini. Litafuteni tangazo hilo leo, msingoje mkutano. Andikeni pingamizi lenu kabla ya siku hiyo, mtaje namba ya ombi, mtaje akiba, mwambatanishe ramani ya mazalio hata kama ni ya mkono. Uamuzi ukitoka na hamkuridhika, kuna Mahakama Maalum ya Maji iliyoundwa na sheria ya 2016 kusikiliza rufaa za namna hii, na huko mtaulizwa jambo la kwanza kama mlipinga kwa maandishi wakati unaofaa.

Ramani ipelekeni pia kwa afisa wa uvuvi wa kaunti aitie sahihi, ili isionekane ni mchoro wa wavuvi peke yao. Barua iwe ya nakala mbili. Moja muiache ofisini, ya pili igongwe muhuri na tarehe, mrudi nayo.

Wanjohi Juu

Jumatano si siku ya soko. Mje na samaki, viazi vipo.